Malighafi za Kurejesha Miamba ya Matumbawe na Mchango wa Mashamba ya Kanda ya Ziwa

Mwamba wa matumbawe ni jengo la mawe linalojengwa na wanyama. Mjenzi wake ni polipu, mnyama mwororo ambaye kwa aina nyingi hazidi milimita chache kwa upana. Huchota madini ya chokaa kutoka maji ya bahari na kujijengea kikombe kigumu anamokaa. Akifa, kikombe hubaki, na wengine hujenga juu yake, kizazi baada ya kizazi, hadi sakafu ya bahari inainuka na kuwa mwamba. Ndani ya mwili wa polipu huishi mwani wa chembe moja unaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Kwa sababu hiyo matumbawe yanayojenga miamba huhitaji mambo matatu kwa pamoja: maji ya chumvi, joto la wastani na maji maangavu yanayopitisha jua. Miamba hii haifiki asilimia 1 ya sakafu ya bahari zote duniani, lakini takriban robo ya aina za viumbe wa baharini hutegemea makazi yake.

Tanzania ina miamba ya namna hiyo kuanzia Tanga hadi Mtwara, na kuzunguka visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Songosongo. Humo ndimo wanamozaliana na kulishia changu, tasi, pono, chewa na pweza, na ndiyo inayovunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Mwamba ukibomoka, kitoweo hupungua na pwani huliwa na bahari. Kuurejesha ni kazi inayohitaji malighafi: mawe, zege, kamba, vyuma, vigae na gundi. Malighafi hizo zikichaguliwa vibaya, kazi ya kuponya hugeuka kuwa uharibifu wa pili. Zikichaguliwa vizuri, nyingi kati yake zinaweza kutoka katika mashamba na udongo wa Afrika Mashariki yenyewe, yakiwemo mashamba ya pamba, mpunga na mkonge yaliyo mbali na bahari kama yale ya Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza.

Aina ya uharibifu huamua aina ya malighafi

Miamba ya Afrika Mashariki huharibiwa kwa njia mbalimbali, na kila njia huacha kidonda cha namna yake.

Ya kwanza ni baruti. Uvuvi wa baruti uliripotiwa katika pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960, na sheria ya uvuvi ya mwaka 1970 iliupiga marufuku, lakini uliendelea kwa miongo mingi Dar es Salaam, Tanga, Kilwa, Lindi na Mtwara. Ulipungua sana pale vyombo vya dola vilipoanza kufanya kazi kwa pamoja katika nusu ya pili ya miaka ya 2010. Mlipuko mmoja huvunja matumbawe na kuacha uwanja wa vifusi. Vifusi hivyo huviringishwa na kila wimbi. Kiluwiluwi cha tumbawe kikitua juu yake husagwa au kufukiwa kabla hakijakua. Uwanja wa namna hiyo unaweza kukaa miongo kadhaa bila kupona, hata kama hakuna baruti nyingine iliyotupwa.

Ya pili ni joto. Maji yakizidi kiwango chake cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi 1 hivi ya Selsiasi, kwa muda wa wiki kadhaa, polipu huutoa mwani wake na tumbawe hupauka. Joto likiendelea, hufa kwa njaa. Mwaka 1998 upaukaji mkubwa ulipita magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ukarudi mwaka 2016 na tena mwaka 2024. Tofauti na baruti, joto huua mjenzi na kuliacha jengo likiwa limesimama kwa muda.

Ya tatu ni uchimbaji. Kwa karne nyingi waashi wa pwani wamejenga kwa mawe ya matumbawe. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107, na nakshi za majengo ya Kilwa zilichongwa kwenye tumbawe laini lililotolewa majini. Kwa kiasi kikubwa majengo hayo yalitumia mawe ya matumbawe ya kale yaliyo nchi kavu. Madhara makubwa zaidi yametokana na uchomaji wa chokaa, kazi iliyoshamiri Mafia na Mikindani, ambapo matumbawe yalivunjwa majini, yakapangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa. Hapo mwamba na msitu viliangamia kwa tanuri moja. Chokaa iliyochomwa kutokana na mawe ya bara, kama yale ya Amboni, Tanga, huondoa haja ya kugusa bahari.

Ya nne ni tope na uchafu kutoka nchi kavu, ambavyo huziba jua na kurutubisha mwani unaoshindana na matumbawe.

Kutokana na tofauti hizo, si kila mwamba ulioharibika unahitaji kujengewa. Palipo na vifusi vya baruti, hitaji la kwanza ni kitu kizito cha kutuliza sakafu. Palipo na mwamba uliokufa kwa joto lakini bado umesimama, zege halina kazi. Hitaji ni vipande hai vya kupandikiza na kitu chepesi cha kuvishikilia. Palipo na tope, hakuna malighafi ya baharini itakayosaidia mpaka tope lizuiwe linakotoka.

Vigezo vya malighafi iliyo rafiki wa mazingira

Malighafi ya kurejeshea mwamba hutathminiwa katika hatua tatu za maisha yake: inapotoka, inapofanya kazi na inapokwisha.

Katika hatua ya kwanza huulizwa kilichobomolewa ili ipatikane. Mchanga unaochimbwa ufukweni, magogo ya mikoko na saruji iliyochomwa kwa makaa ya mawe vina gharama inayolipwa na mazingira ya mahali pengine. Utengenezaji wa saruji peke yake huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya kaboni dayoksaidi inayotokana na shughuli za binadamu, na hewa hiyo ndiyo inayoipasha bahari joto. Mradi unaomwaga zege nyingi kuokoa matumbawe huongeza, kwa kiasi chake, sababu iliyoyaua.

Katika hatua ya pili huulizwa namna inavyoishi na maji na viumbe. Viluwiluwi vya matumbawe hupenda uso wenye mikwaruzo, vishimo na pembe za kivuli, na hasa uso uliokwisha kuota mwani mwekundu wenye chokaa. Uso laini kama kioo, au unaotoa kemikali kali, hukosa wapangaji au huvamiwa na viumbe wengine.

Katika hatua ya tatu huulizwa kinachobaki. Hapa kuna makundi mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Malighafi za msingi, yaani zinazobeba mwamba mpya, zinatakiwa kudumu kwa miongo, kwa sababu matumbawe ya mviringo ya jamii ya Porites hukua kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Malighafi za kushikilia, yaani kamba na vifungo, zinatakiwa kufa mapema, kwa sababu tumbawe la matawi huweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka na hujiambatisha lenyewe kwenye mwamba ndani ya miezi. Kifungo ni kama banzi la muunga mifupa: hukaa mpaka mfupa uunge, kisha huondoka. Makosa mengi katika historia ya kazi hii yametokana na kuweka cha muda mahali pa cha kudumu, au cha kudumu mahali pa cha muda.

Mfano maarufu ni wa Florida, Marekani. Mwaka 1972, karibu na Fort Lauderdale, matairi chakavu yanayokadiriwa kufikia milioni 2 yalitumbukizwa baharini ili yawe mwamba bandia, mahali palipoitwa Osborne Reef. Matairi yalifungwa kwa mikanda ya chuma na nailoni. Mikanda ilikatika, matairi yakatawanyika, yakawa yanagonga matumbawe hai ya jirani kila kulipochafuka. Kazi ya kuyaopoa imechukua miaka mingi na bado ni gharama kwa serikali. Mpira haukuvutia matumbawe, na kifungo hakikudumu kadiri ya mzigo uliofungwa.

Mawe na zege

Malighafi bora ya kutuliza vifusi ni jiwe la asili. Katika Hifadhi ya Komodo, Indonesia, majaribio yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwenye viwanja vilivyopigwa baruti yalionyesha kwamba marundo ya mawe makubwa yaliyowekwa juu ya vifusi yalivutia matumbawe mapya bila kupandikizwa chochote. Jiwe halina kemikali, lina mikwaruzo na halihitaji kiwanda. Kasoro yake ni uzito: kulisafirisha kwa mashua ni kazi kubwa, na kulichimba mahali pabaya ni uharibifu.

Zege hufuata kwa umaarufu kwa sababu hufinyangwa kwa umbo lolote. Linaweza kuwa kuba lenye matundu, ngazi au pango la pweza. Tatizo lake la kwanza ni ukali. Maji ya bahari yana kipimo cha pH cha 8.1 hivi, ilhali zege bichi la saruji ya kawaida hufika kati ya 12 na 13. Ukali huo hutokana na chokaa huru inayozaliwa saruji inapokutana na maji, na hufukuza viumbe wengi mpaka uoshwe na bahari. Fundi makini hupunguza tatizo kwa kumwagilia zege kivulini kwa siku 28, kisha kulilowesha majini kwa wiki kadhaa kabla ya kulishusha.

Njia bora zaidi ni kuitibu saruji yenyewe kwa pozolana. Hili ni jina la vumbi lenye silika ambalo peke yake halishikani, lakini likichanganywa na chokaa huru na maji huungana nayo na kuwa gundi ngumu. Warumi walitumia majivu ya volkano na chokaa kujenga bandari ndani ya maji ya chumvi, na baadhi ya kuta zao zimesimama kwa miaka 2,000. Tanzania ina pozolana ya volkano katika maeneo ya Songwe, kusini magharibi, na Holili, Kilimanjaro, na viwanda vya saruji vimekuwa vikiitumia. Pozolana hufanya mambo mawili kwa pamoja: hunywa chokaa huru inayoleta ukali, na hupunguza kiasi cha saruji kinachohitajika.

Pozolana nyingine hutoka shambani. Pumba za mpunga ni takriban sehemu ya tano ya uzito wa mpunga unaovunwa. Zikichomwa, takriban sehemu ya tano ya uzito wa pumba hubaki kuwa majivu, na asilimia 85 hadi 95 ya majivu hayo ni silika. Kwa hesabu hiyo, tani 1 ya mpunga hutoa kilo 200 hivi za pumba na kilo 40 hivi za majivu. Majivu yakichukua nafasi ya asilimia 15 ya saruji, kilo hizo 40 zinatosha kuhudumia kiasi cha saruji kinachokaribia mifuko 5 ya kilo 50.

Ubora wa majivu hutegemea moto. Yakichomwa kwa joto lisilozidi nyuzi 700 hivi, silika hubaki katika hali isiyo na mpangilio wa fuwele, na hiyo ndiyo inayoshikana na chokaa. Joto likizidi sana au kwa muda mrefu, silika hugeuka fuwele. Nguvu yake ya kuungana hupotea, na vumbi lake huwa hatari kwa mapafu ya anayelisaga. Majivu yanayobaki baada ya kuchoma tofali kwa pumba kwa hiyo hayawi na ubora unaolingana. Yanahitaji kupimwa, kusagwa yawe laini, na anayeyasaga anahitaji kuziba pua na mdomo kwa barakoa inayofaa.

Nondo ni sehemu nyingine ya zege inayohitaji tahadhari. Chumvi hupenya zege na kuliozesha chuma, kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Maumbo mazito na manene yanayobeba mzigo wao kwa kukandamizwa hayahitaji nondo kabisa. Chuma kikitumika wazi, kama katika mifumo ya fremu za nondo zilizopakwa gundi na mchanga iliyoenea kutoka Sulawesi, Indonesia, hutegemewa kwamba matumbawe yatakifunika kabla hakijaisha. Katika maji yenye uhaba wa madini ya chuma, kutu yenyewe huweza kuwa mbolea ya viumbe wasiotakiwa. Katika visiwa vya Line, Bahari ya Pasifiki, mabaki ya meli zilizozama yamezungukwa na mwani na viumbe waliofunika matumbawe.

Udongo wa mfinyanzi

Udongo uliochomwa hauna ukali wa saruji, una matundu madogo yanayopendwa na viluwiluwi, na ukivunjika hurudi kuwa changarawe isiyo na madhara. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong walishusha katika ghuba ya Hoi Ha Wan vigae vya udongo vilivyotengenezwa kwa mashine ya kuchapa maumbo, vyenye mikunjo inayoiga uso wa tumbawe, kisha vikachomwa na kupandikizwa vipande hai. Mikunjo hiyo huruhusu mchanga kuteleza usifukie matumbawe machanga.

Mashine si sharti. Mfinyanzi wa Afrika Mashariki anao ujuzi wa mikono unaotosha kutoa kigae chenye mikunjo na matundu. Ufinyanzi wa ukanda wa Ziwa Viktoria ni wa kale sana, na vyungu vya aina ya Urewe vilivyochimbuliwa kuzunguka ziwa vina umri wa miaka 2,000 na zaidi. Swali gumu katika udongo ni kuni. Kigae kilichochomwa kwa miti ya asili hakistahili kuitwa rafiki wa mazingira. Pumba za mpunga, ambazo katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga hutumika tayari kuchomea tofali, hujibu sehemu ya swali hilo.

Kamba na vifungo

Plastiki ndiyo iliyotawala kazi ya vifungo: kamba za nailoni, mirija ya plastiki na vibanio. Kila kimoja kina bei nafuu na hudumu, na kudumu huko ndiko kosa lake. Kifungo cha nailoni hubaki miaka mingi baada ya tumbawe kujishika, hukata ngozi yake linaponenepa, kisha husagika kuwa vipande vidogo vinavyoliwa na samaki. Hata plastiki zinazotengenezwa kwa wanga wa mahindi si jibu la haraka, kwani nyingi huoza vizuri kwenye mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi 60 hivi, joto lisilopatikana baharini. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019; kuingiza plastiki nyingine baharini kwa jina la uhifadhi ni kwenda kinyume na nia hiyo.

Nyuzi za asili zina sifa iliyotafutwa. Katani ni ngumu na ina mikwaruzo, na huoza ndani ya miezi inapokaa majini. Mmea wake, mkonge, uliletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf kutoka Amerika, na katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Nailoni na polipropilini ndizo zilizoiangusha katani sokoni, kwa sababu haziozi.

Kumbi la nazi hutoa uzi unaostahimili maji ya chumvi kuliko nyuzi nyingi za mimea. Wanawake wa Unguja hufukia makumbi ufukweni mpaka yalainike, kisha huyaponda na kusokota kamba. Mitepe ya kale ilishonwa kwa kamba hizo na kusafiri baharini bila msumari. Kamba ya makumbi hufaa mahali panapohitaji kifungo kiishi muda mrefu kuliko katani.

Uzi wa pamba ndio unaowahi kuoza kuliko wote watatu. Kabla ya miaka ya 1950, wavuvi wa Ziwa Viktoria walitumia nyavu za nyuzi za mimea zilizohitaji kukaushwa na kukarabatiwa mara kwa mara. Nailoni ilipoingia, waliziacha. Udhaifu uliomchosha mvuvi ni faida kwa mpandikizaji wa matumbawe, maana uzi uliosahaulika chini ya bahari hauendelei kunasa samaki. Kwa vipande vidogo vya tumbawe la matawi vinavyojishika upesi, uzi wa pamba uliosokotwa mara kadhaa unatosha. Ukipakwa nta ya nyuki, maji huchelewa kuuozesha. Pamba inayotumika isiwe na rangi za kemikali wala mabaki ya viuatilifu.

Mifano ya Afrika Mashariki

Kazi hii si ngeni katika bahari ya Waswahili. Katika miaka ya 1990, mtafiti Ulf Lindahl alipandikiza matumbawe ya matawi katika mwamba wa Tutia, Mafia, kwa njia ya gharama ndogo. Baadhi ya vipande viliwekwa huru na vingine vilifungwa pamoja kwa kamba ili uzito wao uvitulize, bila zege wala gundi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Mwaka huohuo joto likaja na kuua sehemu kubwa ya vilivyopandwa. Katika mabaki hayo, samaki wanaotegemea matumbawe hai walipungua na walao mwani wakaongezeka. Jaribio hilo lilionyesha kwamba njia rahisi inawezekana, na pia kwamba malighafi nzuri haizuii joto.

Baadaye Nsajigwa Mbije, mwanasayansi wa Tanzania aliyefundisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzake Ehud Spanier na Baruch Rinkevich, walijaribu mbinu ya bustani Unguja na Mafia. Mbinu hiyo, iliyopendekezwa na Rinkevich mwaka 1995, ina hatua mbili: vipande vidogo hulelewa kwanza kwenye vitalu, kisha hupandikizwa mwambani vikiwa vimekomaa. Vitalu vyao vilikuwa vya kamba zinazoelea katikati ya maji, mbali na tope na walaji wa sakafuni. Maelfu ya vipande yalilelewa, na matokeo ya hatua ya kwanza yalichapishwa mwaka 2010. Kitalu cha kamba hakihitaji msingi wa zege, kwa hiyo ndicho mahali ambapo nyuzi za asili zinaweza kuchukua nafasi ya plastiki kwa upana zaidi, ilimradi kamba kuu inayobeba uzito iwe imara na kukaguliwa, na za asili ziwe zile za kufungia vipande.

Nchini Kenya, wananchi wa Kisiwa cha Wasini, Kaunti ya Kwale, wakishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, wamejenga miamba ya mawe na saruji na kuipandikiza matumbawe. Upande wa pili wa kisiwa hichohicho, Mkwiro, shirika la REEFolution limekuwa likilea matumbawe kwenye vitalu na kulinganisha maumbo mbalimbali ya miamba bandia, yakiwemo yaliyotengenezwa kwa kukwamisha chupa za kioo zilizotumika ndani ya zege. Chupa ni taka iliyo tele katika maeneo ya hoteli. Kioo hakitoi sumu, na kila chupa hupunguza kiasi cha zege. Kazi ya namna hii hudumu pale ambapo wanakijiji wenyewe ndio wapandaji, wakaguzi na walinzi wa eneo lililofungwa kwa uvuvi.

Nafasi ya Magu

Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, iko kwenye mwambao wa Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Hakuna matumbawe ziwani, wala hayawezi kupandwa, kwa sababu maji yake ni maji baridi, yaani ya kunywewa, na hayana chumvi ambayo matumbawe huitegemea. Hata hivyo, Magu ina mambo mawili yanayoihusu kazi hii: malighafi na fundisho.

Kwa upande wa malighafi, Magu ni sehemu ya ukanda unaozalisha zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania. Katika mbuga zake mpunga hulimwa kwenye majaruba. Mkonge huoteshwa Usukumani kama uzio na mpaka wa shamba. Bidhaa hizi hazilingani kwa thamani ya kusafirishwa. Uzi wa pamba ni mwepesi. Kilo chache zinatosha kufunga maelfu ya vipande, kwa hiyo unaweza kutoka Kanda ya Ziwa hadi Mafia bila gharama kubwa. Majivu ya pumba ni mzigo wa bei ndogo, na busara ni kuyachukua kutoka mashamba yaliyo karibu zaidi na bahari, kama yale ya bonde la Rufiji, au ya Kilombero. Majivu ya Magu yana soko jirani zaidi: nanga za zege za vizimba vya samaki, ambavyo vimeongezeka ziwani katika miaka ya karibuni. Nanga hiyo nayo hukaa majini miaka mingi, na hoja za ukali na za wingi wa saruji huihusu sawasawa.

Kwa upande wa fundisho, ziwa lina miamba yake. Ni miamba ya mawe matale, mashuhuri kwa jiji la Mwanza, ambayo huendelea chini ya maji na kuwa makazi ya mbipi, kundi la samaki waitwao furu waishio katikati ya mawe. Ziwa Viktoria lilikadiriwa kuwa na aina 500 na zaidi za furu kabla ya sangara, aliyeingizwa katika miaka ya 1950, kuongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walionyesha kwamba katika maji yaliyochafuka dume na jike wa furu hushindwa kutofautishana kwa rangi, na aina huchanganyika na kupotea. Mawe yapo palepale na wakazi wake wanapungua kwa sababu maji yamebadilika.

Chanzo kimoja cha mabadiliko hayo kiko Magu kwenyewe. Mto Simiyu hukusanya maji ya nyanda kubwa za mashariki na kuyamwaga katika Ghuba ya Speke, yakiwa na udongo wa mashamba na malisho yaliyopoteza uoto. Kingo za mto zikipandwa nyasi, matuta ya kukinga maji yakichimbwa na mafunjo ya mwambao yakiachwa yachuje tope, miamba ya mbipi hupata nafuu bila jiwe jipya kutumbukizwa ziwani. Kanuni hiyohiyo hutawala mabonde yanayomwaga maji yake Bahari ya Hindi.

Utaratibu wa kujaribu malighafi mpya

Malighafi haiwi salama kwa kuwa imetoka shambani. Inahitaji kupita hatua nne. Ya kwanza ni kupimwa nchi kavu: nguvu ya zege, ukali wa maji lilimoloweshwa, na madini mazito katika majivu au udongo. Ya pili ni kuwekwa kwenye matangi ya maji ya bahari pamoja na viumbe wachache, ili kuona kama wanaishi. Ya tatu ni jaribio dogo baharini, malighafi mpya ikiwa kando ya jiwe la asili na kando ya zege la kawaida, katika kina kimoja na kwa idadi sawa, kwa muda unaojumuisha kusi na kaskazi. Ya nne ni kuondolewa: mpango wa kuopoa kilichoshindwa huandikwa kabla ya kushusha cha kwanza.

Vipimo vya mafanikio vinahitaji kuwa vya mwamba, si vya mradi. Idadi ya maumbo yaliyoshushwa huonyesha bidii tu. Kinachohesabiwa ni vipande vilivyo hai baada ya mwaka na baada ya miaka kadhaa, viluwiluwi vilivyotua vyenyewe, aina za samaki waliorudi na hali ya kifungo kila baada ya miezi mitatu. Kazi yote hufanyika kwa kibali: Tanzania Bara ina Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, iliyofuatiwa na kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995, pamoja na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Mpangilio wa hatua

Kutokana na yote hayo, kazi ya kurejesha mwamba hupangwa kwa mfuatano. Kwanza husimamishwa kinachoua: baruti, uchimbaji, nyavu za kukokota na tope. Pili huachwa mwamba ujiponye wenyewe pale unapoweza, maana viluwiluwi vinavyokuja na mkondo ni vingi kuliko vinavyoweza kupandwa na mikono ya watu. Tatu, palipo na vifusi, huwekwa mawe, au zege lenye pozolana, au vigae vya udongo, kwa kiasi kidogo kinachotosha kutuliza sakafu. Nne, panapokosa mbegu, hupandikizwa vipande kutoka vitaluni, na huchaguliwa vile vilivyonusurika katika miaka ya joto, vikifungwa kwa katani, makumbi au pamba. Tano, eneo hulindwa na kukaguliwa na jamii inayoishi kando yake. Malighafi iliyo rafiki wa mazingira ni ile inayofanya kazi yake katika hatua ya tatu na ya nne, bila kuongeza chochote katika orodha ya yale yaliyosimamishwa katika hatua ya kwanza.